Nyongeza Namba Kumi na Tatu

Jumanne, tarehe 14 Novemba mwaka 1972, saa nne asubuhi, kombora la kwanza la Wareno liliangukia ofisi ya kijiji chetu cha Namtukwa. Saa naijua vizuri. Shuleni walikuwa wamegonga kile kipande cha reli, watoto wametoka mapumziko, nami nilikuwa uani naanika korosho kwenye mkeka. Nilisikia mluzi mrefu kutoka ng'ambo ya Ruvuma, kama mtu anayemwita mbwa wake. Halafu ardhi ikaruka. Korosho zikanipiga usoni kama changarawe.

Nilipofumbua macho, ofisi haikuwepo. Palikuwa na moto, na makuti yanayowaka yakielea hewani. Humo ndani alikuwamo Ndugu Filipo, katibu wetu, mtu mpole aliyetembea na peni mbili mfukoni. Humo pia lilikuwamo Daftari la Njia. Filipo hakutoka. Daftari halikutoka.

Kombora la pili likaangukia shamba la Shabani, mrina asali, naye mwenyewe alikuwa humo analima. La tatu likaangukia kiwanja cha shule.

Nilikimbia shuleni. Sitawaeleza yote niliyoyaona pale, maana ninyi ni watoto na mnalala peke yenu. Nilimkuta binti yangu Somoe, wa darasa la tano, amepiga magoti kwenye vumbi. Alikuwa amevua mtandio wake na kuufunga kwenye paja la rafiki yake Zuhura. Mguu wa Zuhura, kuanzia goti kwenda chini, haukuwa tena mguu.

"Baba, damu haikatiki!"

"Kaza. Kaza tena. Usiangalie, wewe kaza tu."

"Ananing'ata, baba."

"Mwache akung'ate."

Tulimbeba mpaka kwenye handaki, na huko tukawakuta wenzetu wamejazana. Majeruhi walikuwa watano. Lori la jeshi la kwenda hospitali ya Mtwara lilikuwa linasubiri kwenye barabara kuu, mwendo wa saa nzima kwa miguu kuelekea kaskazini. Lakini njia pana ya kufika huko ilikuwa wazi mbele ya macho ya Wareno, na makombora yalikuwa yanaifukua moja moja kama mtu anayepanda mahindi. Zilibaki njia mbili ndogo za porini zinazofika huko, ya Chumvini na ya Kisimani. Na njia za porini zilikuwa na mabomu ya kutegwa.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, mpate kuelewa.

Wareno walikuwa wanaitawala Msumbiji kwa mtutu, na ndugu zetu wa ng'ambo walikuwa wanapigana nao. Sisi tuliwapokea waliokimbia. Kwa sababu hiyo Wareno walikuwa wanavuka mto kwa siri na kutufukia mabomu kwenye njia zetu za maji, za kuni na za shamba. Ukikanyaga, umekwisha, au umebaki nusu.

Mke wangu, mama yake Somoe, alikanyaga. Ilikuwa Jumatano, anatoka kisimani. Jumatatu yake, siku mbili nzima kabla, mtu mmoja alikuwa amekwisha kumwambia Mwenyekiti Athumani kwamba kuna bomu njia ya kisimani. Mwenyekiti akasema atalitangaza Jumamosi kwenye mkutano, maana habari haina budi kupita kwenye kikao. Kikao! Jumamosi ilipofika tulikuwa tumeshazika. Mimi mwenyewe nilikusanya vipande vya mtungi wake kwa mikono yangu. Tangu hapo mtu mwenye cheo akiniambia "subiri", masikio yangu yanaziba.

Baada ya msiba ule ndipo likaanzishwa Daftari la Njia. Njia zote arobaini na moja za kijiji ziliandikwa humo: ipi iko wazi, ipi imefungwa, bomu liko wapi, nani kaliona, lini limeondolewa. Vibao vya kuonya porini Mwenyekiti alivipiga marufuku, eti vitawasaidia maadui. Kwa hiyo mtu akitaka kutoka alipita kwanza ofisini, Filipo akafungua daftari na kumwambia apite wapi.

Aliyetushauri kuwa na nakala ni Alfredo. Alfredo ni Mmakonde wa ng'ambo, alikuja kwetu na vidole saba. Vitatu viliondoka alipokuwa anafukua mabomu ya Wareno. "Saba vinatosha kushika kijiko," hupenda kusema. Huyo alisimama mkutanoni akasema, "Siku ofisi ikiungua, ndugu zangu, mtakuwa vipofu kijiji kizima. Andikeni daftari la pili, likae mbali na la kwanza."

"Nani ataandika daftari zima kila siku?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Si kila siku. Mnaandika nakala nzima mara moja. Halafu kila Ijumaa mnaandika kilichobadilika tu tangu Ijumaa iliyopita, karatasi moja, yenye namba. Siku ya shida mnachukua nakala nzima, mnaweka juu yake nyongeza ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka ya mwisho. Mnalipata daftari lenu kama lilivyokuwa."

Kazi hiyo alipewa binti yangu, kwa kuwa mwandiko wake unasomeka. Mimi mwenyewe nimesoma kisomo cha watu wazima nikaishia kitabu cha pili. Nakala nzima aliimaliza siku ya Saba Saba. Baada ya hapo kila Ijumaa alikwenda kwa Filipo, akanakili mabadiliko, akatia namba. Wiki isiyo na mabadiliko aliandika "Hakuna jipya", ili mtu asije akadhani karatasi imepotea. Yote yaliwekwa kwenye mkebe wa bati, kifuniko kikazibwa kwa nta ya Shabani, na mkebe ukakaa kwa Alfredo, upande wa pili wa kijiji.

Mwenyekiti alitaka mkebe ukae ofisini. "Mali ya kijiji inakaa kwenye kabati ya kijiji," alisema. Nilimwuliza, kabati likiungua je? Akaniambia mimi ni mkorofi tangu nifiwe. Nikamwomba basi tuandike nakala nzima upya kila baada ya miezi miwili, nyongeza zisirundikane. Akasema karatasi hakuna. Lakini karatasi za kuandikia risala ya kumpokea mkubwa wa wilaya zilikuwepo, tena nne. Alikubali jambo moja tu: kila mwisho wa mwezi atakaa na daftari na nakala, alinganishe kimoja na kingine, kisha aweke sahihi.

Basi turudi handakini.

Alfredo aliingia ameinama, mkebe kifuani, nywele zimejaa vumbi. Akabandua nta kwa kisu. Tukazitandaza karatasi chini, kombora linapoanguka mchanga unamwagika juu yake na Somoe anaupangusa kwa kiganja chenye damu ya mwenzake.

Mwenyekiti Athumani alikuwa humo humo handakini, tena pembe ya ndani kabisa. Akaokota karatasi ya juu juu. "Nyongeza ya nne! Njia ya Chumvini imefungwa, bomu kwenye mkoko ulioanguka. Haya, Chumvini haipitiki. Twendeni Kisimani!"

"Weka chini hiyo, Mwenyekiti," Alfredo akasema. "Hizi hazisomwi kama mtu anayeokota embe. Somoe, anza na ile nzima. Halafu moja, mbili, tatu. Usiruke."

Somoe akasoma. Nakala nzima: Chumvini wazi, Kisimani wazi. Nyongeza ya nne: Chumvini imefungwa. Ya tisa: wanajeshi wameliondoa bomu la Chumvini, njia imefunguliwa. Alfredo alikuwa anachora ardhini kwa kijiti, anafuta, anachora tena. Ya kumi na mbili. Ya kumi na tatu: hakuna jipya. Ya kumi na nne. Ya kumi na saba: Kisimani imefungwa, mabomu mawili. Ya kumi na nane, ya Ijumaa iliyopita: hakuna jipya.

"Kumbe ungetupeleka Kisimani," nikamwambia Mwenyekiti. "Umeizoea njia ile kuulia watu."

Alisimama akakung'uta suruali. "Chumvini iko wazi. Bebeni majeruhi. Upesi!"

Wanaume wakainua machela ya miti na magunia. Zuhura alikuwa hasemi tena, midomo imekuwa ya kijivu. Mjomba wake alishika mbele, mimi nikashika nyuma. Tulikuwa tumekwisha kupiga hatua mbili kuelekea mlango wa handaki, Somoe akaja akasimama mbele ya machela, mikono ameitanua.

"Msiende, baba. Msiende Chumvini."

"Toka njiani, mwanangu. Mwenzako anakufa."

"Ile ya kumi na tatu ni ya uongo."

Mjomba wake Zuhura akageuka akanitazama.

"Ilikuwa Ijumaa ya kuvunja jungu," Somoe akasema, anaongea haraka huku analia. "Ramadhani ilikuwa inakaribia. Kina Zuhura walipika pilau, wakaniita, tukacheza mpaka jioni. Sikwenda kwa Ndugu Filipo. Aliniambia asubuhi, 'Njoo leo, kuna jipya.' Sikwenda. Kesho yake nikaogopa kuulizwa. Nikaandika hakuna jipya."

Mwenyekiti alikuwa na fimbo yake ile ya mpingo. Sikuiona ikiinuka. Niliisikia tu. Somoe akaanguka chini, sikio linachuruzika damu, na mtu yule akainua fimbo mara ya pili. "Shetani mdogo! Ungetuua wote!"

Niliiweka machela chini. Nilimkamata Mwenyekiti kwenye shingo ya shati nikambamiza ukutani mwa handaki mpaka kofia ikamvuka. Sijivunii. Kisha nikaiokota ile karatasi ya kumi na tatu, nikamsukumizia puani.

"Soma hapa chini! Mimi nimeishia kitabu cha pili, nisomee wewe msomi!"

Chini ya maneno ya Somoe, kwa wino wa bluu, paliandikwa: *Imehakikiwa na daftari. Athumani, Mwenyekiti.* Na mhuri.

"Uliihakiki na nini?" nikamwuliza. "Ungefungua daftari ukurasa mmoja tu, ungeliona kosa la mtoto tangu mwisho wa mwezi uliopita. Mtoto alicheza siku moja. Wewe je, mtu mzima?"

"Mwache, Baba Somoe," Alfredo akasema. "Damu inamwagika na ninyi mnagombana. Mtoto amesema. Sasa tunajua mahali tusipopajua. Nani alileta habari wiki ile?"

Mwanamke mmoja akainua kichwa kutoka kwenye magoti yake. Alikuwa Fatuma, mke wa Shabani mrina asali. Hadi saa nne asubuhi ile alikuwa mke wa mtu, sasa alikuwa mjane kama mimi, na hakuwa amelia bado.

"Mume wangu," akasema. "Siku ile ya kuvunja jungu alitoka kurina, akapita kwa katibu. Alikuja nyumbani akasema, nimeona mawili. Moja liko Chumvini, pale njia inapopanda kutoka kwenye matope."

"Na la pili, mama?"

"Nilikuwa natwanga." Akajitazama viganja. "Aliendelea kusema, nami nilikuwa natwanga. Sikumsikiliza. Nilijua ataniambia tena."

Filipo aliyeliandika alikuwa majivu. Shabani aliyeliona alikuwa chini ya udongo wa shamba lake. Daftari nalo lilikuwa limeungua. Mahali pekee duniani ambapo habari ya bomu lile la pili ingekuwepo bado ni nyongeza namba kumi na tatu, nayo ilisema hakuna jipya.

Tulikwenda Chumvini. Hatukuwa na pengine. Alfredo alitangulia kwa magoti, anaichoma ardhi kwa kisu, kiganja kwa kiganja, kwa vidole vyake saba. Nyuma yake Somoe alitembea akichana khanga ya Fatuma vipande na kuvifunga pembeni kila pale Alfredo alipopitisha mkono. Nilimkataza asiende. Akaniambia, "Nitafunga mimi, baba." Sikio lake lilikuwa limevimba kama andazi. Nyuma yao machela, moja moja, kila mtu anakanyaga kwenye unyayo wa mwenzake. Makombora yalipita juu yetu kwenda kijijini. Nyumba yangu iliungua nikiwa naiangalia.

Pale njia inapopanda kutoka kwenye matope, Alfredo akainua mkono. Wote tukawa mawe. Akapangusa mchanga taratibu, kama mama anayepangusa uso wa mtoto aliyelala. Chuma cha rangi ya majani kikatokeza, kipana kama sahani.

"Huyu hapa," akasema. "Asante, Shabani."

Tulilizunguka. Machela ya Zuhura ilipita mbali nalo kiasi cha urefu wa jembe. Kama Somoe angekaa kimya, mguu wa kwanza pale ungekuwa wa mjomba wake Zuhura, na wa pili wangu.

Tulifika kwenye lori saa saba mchana. Kati ya majeruhi watano, mmoja alifia njiani. Wanne walipona. Zuhura alikatwa mguu Mtwara, akarudi baada ya miezi minne na gongo la kutembelea, akakaa dawati lile lile na Somoe. Siku ya kwanza nilikwenda kuchungulia dirishani, maana nilikuwa na hofu ya moyo. Nikamsikia Zuhura anasema, "Nisogezee kitabu. Na ukiulizwa nina nini, usiniandikie hakuna jipya." Wakacheka wote wawili. Kisha Somoe akalia, na Zuhura akampiga kikofi mgongoni, akamwambia, "Acha ujinga, mwalimu anakuja."

Sikumchapa binti yangu. Fimbo ya Mwenyekiti ilikuwa imetosha, na sikio lile halisikii vizuri mpaka leo. Nilimkalisha mbele ya Alfredo nikasema, mwambie wewe, mimi nitatukana.

Alfredo akamwambia hivi. "Somoe, kumi na saba ulizoandika vizuri ndizo zilizotufikisha njia ya Chumvini. Usizisahau hizo. Lakini nyongeza zinashikana. Ukiitia uongo ya kumi na tatu, ya kumi na nane nayo inadanganya, hata kama uliiandika kwa haki. Wiki ile ungeandika 'Sikwenda', ningejua pa kuuliza. Neno hilo lingekuletea aibu ya siku moja. Tena ulilisema mwisho, mbele ya watu na mbele ya fimbo, ndiyo maana baba yako ana miguu miwili. Kazi ya mtunza nakala ni hiyo: kuandika kila siku yake, na kusema ukweli pale palipo na pengo."

Nami naongeza langu, kwa ninyi mtakaokuja kuwa na mihuri. Usiweke sahihi kwenye kitu ambacho hukukisoma. Nakala ambayo hakuna aliyeilinganisha na daftari ni matumaini tu, na matumaini hayabebi machela.

Siku hizi tunaandika nakala nzima kila mwezi, karatasi zimepatikana ghafla. Mkebe mmoja uko kwa Alfredo, wa pili Nanyamba kwa shangazi yake Somoe. Mwisho wa mwezi tunalificha daftari, tunajaribu kulitengeneza upya kwa nakala na nyongeza peke yake, halafu tunalitoa tuone kama tumekosea. Somoe ndiye anayesimamia. Athumani hayupo kijijini. Alipewa kazi wilayani, ana meza kubwa zaidi.

Wanajeshi walikuja wakalitafuta lile bomu la pili wiki mbili, Chumvini, Kisimani, kwenye mizinga yote ya nyuki ya Shabani. Hawakulipata. Fatuma bado anakaa na kinu chake, anatwanga, anaacha, anasikiliza, anatwanga tena. Na kila Ijumaa nyongeza ya Somoe huanza kwa mstari ule ule, kabla ya jipya lolote: *La Shabani la pili: halijulikani lilipo.*

Watoto wa darasa la kwanza wanapokwenda kuokota mabibo, mimi ndiye ninayewasindikiza, nikitangulia na fimbo. Juzi mmoja, mtoto wa Alfredo, alinishika mkono akasimama, hakutaka kuendelea. Akanitazama usoni.

"Babu," akaniuliza, "lile la pili liko wapi?"